Maswali yenu: Forodhani ndani ya hedfoni

Toleo lililopita tulieleza muziki tulivu unaotengenezwa kwa sauti za mahali, ule ambao wapenzi wake wanauita ambienti. Barua zilizorudi karibu zote zinauliza mahali pamoja: bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, Unguja. Si ajabu. Nyuma yake Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, mbele yake bahari, na ndani yake kila kitu kinachotoa sauti, kuanzia kunguru hadi mashine ya miwa. Miaka ya 1930 iliitwa Jubilee Gardens, na wanaoijua kabla ya ukarabati mkubwa uliokamilika 2009 watakwambia haikuwa na sauti hii ya leo. Tumechagua maswali yaliyojirudia zaidi.

Assalaam alaikum wahariri. Nimekwenda Forodhani mara tatu na kinasa sauti, kila mara narudi na kelele tupu. Saa nzuri ya kurekodi ni ipi? (Msomaji, Bububu)

Waalaikum salaam. Kabla ya kutazama saa, tazama mwezi. Wengi huenda jioni kwa sababu ndipo wenyewe wana nafasi, wakasahau kwamba ukuta wa Forodhani haulii kwa saa ya mkononi, unalia kwa maji.

Maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kujaa kwa leo na kwa kesho kunapishana kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, hujaa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti inakuwa ndogo sana. Sasa pigeni hesabu. Ukienda bamvua saa 2 usiku, wachuuzi wamepanga meza zao lakini bahari imeshaondoka. Utapata watu na mkaa bila maji. Ukienda saa hiyo hiyo siku za maji mafu, maji yanapanda, na chini ya mazungumzo unapata ule mguno wa chini wa mawimbi. Hakuna iliyo bora. Ni rangi mbili tofauti, na anayejua tofauti yake hatarudi na kelele tupu.

Ukitaka maji yenyewe, nenda bamvua saa 8 na nusu mchana, ukae hadi saa 10 na nusu. Maji yakiwa nusu yanaanza kupiga mguu wa ukuta, na kila pigo lina sehemu mbili: kofi la juu, kisha mnyonyo wa maji yakirudi. Yakijaa kabisa kofi linapotea, linabaki bembea tu. Saa hizo ndipo vijana wa makachu wanapojirusha kutoka ukutani, nao ni sehemu ya muziki: nyayo zikikimbia juu ya sakafu, kimya cha kama sekunde moja, kisha mpasuko wa maji. Kimya hicho cha katikati ndicho kitu kizuri kuliko vyote vinavyorekodika Forodhani. Msikipoteze kwa kukata faili mapema.

Kwa anayetaka bustani bila watu, ni saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 12 na nusu. Shorewe na shomoro wanaanza, wafagiaji wanapita na fagio za chelewa, boti za Dar es Salaam hazijapiga honi. Rekodi dakika 40 mfululizo bila kugusa chochote. Dakika 5 za mwanzo huwa mbovu kwa sababu wewe mwenyewe bado unatapatapa.

Upepo unaniharibia kila kitu. Nimefunga sponji iliyokuja na maikrofoni lakini bado nasikia ngurumo. Je, nikiondoa besi kwenye kompyuta itasaidia? (Msomaji, Chake Chake)

Itasaidia nusu, tena nusu ndogo. Ngurumo ile si sauti ya upepo. Ni hewa inayozunguka na kusukuma utando wa maikrofoni moja kwa moja. Utando ukisukumwa hadi mwisho wake mawimbi yote yanakatwa vichwa, na kilichokatwa hakirudi hata ukiondoa besi yote. Kuchuja chini ya 80 Hz ni kwa kusafisha mabaki. Ajali yenyewe haitibiki.

Sponji inatosha chumbani na kwenye upepo wa kupepea chai. Nje pwani unahitaji koti la manyoya juu yake, nywele za sentimita 2 hadi 3. Fundi cherehani anaweza kukushonea kwa kitambaa cha manyoya bandia, lakini kipime kwanza: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa wepesi, kitambaa kinafaa. Ikigoma, upande wa nyuma umepakwa gundi, na koti hilo litakula sauti zote za juu, ndege wako wawe kama wanaimba ndani ya gunia. Bora zaidi ni kuacha hewa iliyotulia kati ya maikrofoni na manyoya: tengeneza kikapu cha waya chenye nafasi ya sentimita 4 au 5 kila upande, ukivalishe koti kikapu hicho badala ya maikrofoni.

Halafu mahali. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo unaingia Forodhani kutoka upande wa maji na hakuna cha kuuzuia. Kusi unatoka nyuma, na majumba ya Mji Mkongwe yanakukinga. Kwa rekodi ya maji yenye utulivu, Juni hadi Agosti kunafaa zaidi. Ukilazimika wakati wa kaskazi, shusha maikrofoni hadi sentimita 30 kutoka chini, nyuma ya kizingiti cha ukuta. Karibu na ardhi upepo ni mdogo, na utashangaa tofauti.

Nirekodi kwa vipimo gani? (Msomaji, Kariakoo)

WAV, 48 kHz, biti 24, stirio. Saa moja inakula kama GB 1, kwa hiyo kadi ya GB 32 ni siku nzima. Vilele vikae karibu na −12 dB. Makachu wakiwa karibu shusha hadi −18, mpasuko wa maji ni mkali kuliko mnavyodhani. Panda hadi 96 kHz kwa sauti unazopanga kuzipunguza mwendo tu. Ukipunguza nusu, kila kitu kinashuka oktava moja, na rekodi ya 48 kHz inabaki bila kitu juu ya 12 kHz: inasikika imezibwa. MP3 msirekodie kabisa. Ikinyooshwa inatoa sauti kama ya maji yanayochemka, na si maji ya Forodhani.

Usiku rekodi zangu zote zina mvumo wa umeme. Nimejaribu kuuondoa ukatoka pamoja na sauti nzuri za chini. Nifanyeje? (Msomaji, Michenzani)

Kwanza jua unatoka wapi. Vaa hedfoni, tembea na kinasa. Ukikaribia friji ya soda au taa na mvumo ukaongezeka, ni sauti ya kweli iliyoko hewani. Usipobadilika popote, umo ndani ya vifaa vyako: waya usio na kinga, au pawabenki inayochaji kinasa huku kikirekodi. Chomoa, tumia betri, mara nyingi umekwisha.

Ule wa kweli tunawashauri msiuondoe. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mvumo huo uko karibu sana na noti ya G ya chini kabisa, juu yake kwa senti 35, yaani kama thuluthi ya nusu toni. Hiyo ni noti ya besi iliyoletwa bure. Badala ya kupigana nayo, panda nayo: vyombo vyako vyote vipandishe senti 35, wimbo uwe kwenye G, na mvumo unakuwa ndio sakafu ya kazi. Asiyejua ataona umeweka besi ya kistadi.

Angalizo moja. Jenereta haishiki noti. Mchuuzi akiwasha blenda, injini inalemewa na mvumo unashuka kidogo, kisha unapanda tena. Kama chanzo ni jenereta, hapo chuja kweli: mkato mwembamba kwenye 50, 100 na 150 Hz, kila mmoja usizidi upana wa Hz 4 au 5. Kosa la msomaji wetu lilikuwa kukata kwa upana, kisu cha nyama kwa kazi ya sindano.

Nasikia watu wanarekodi chini ya maji kwa kidude cha kengele. Nimejaribu, nikapata sauti nyembamba kama redio ya mbao. Tatizo nini? (Msomaji, Mombasa)

Kidude hicho ni piezo, kisahani cha shaba kilichomo ndani ya kengele za milango na saa za mezani. Cha milimita 27 ni cha kawaida na kinafaa. Tatizo lako karibu hakika si kisahani, ni tundu ulilokichomeka.

Piezo inahitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa. Cha milimita 27 kina uwezo wa kama nanofaradi 20. Ukikichomeka kwenye tundu la kawaida la kinasa, lenye kilo-omu 10, kila kitu chini ya 800 Hz kinaporomoka. Ndiyo hiyo redio ya mbao. Kichomeke kwenye tundu la gitaa la kadi ya sauti, au kwenye boksi la DI (kile kiunganishi cha kati ya chombo na kinasa) lenye mega-omu 1, na mpaka unashuka hadi 8 Hz. Kisahani kile kile, waya ule ule, besi imerudi.

Kuzuia maji ndiko kunakowashinda wengi. Tumia epoksi, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, na uanzie sentimita 5 juu ya mahali waya ulipolehemiwa. Silikoni inayonuka siki usiitumie, asidi yake inakula shaba na risasi. Kisha jaza ndoo maji, tia chumvi viganja viwili, tumbukiza, sikiliza dakika 30. Ukianza kusikia mvumo au mikwaruzo ambayo haikuwepo, chumvi imeshapata njia. Afadhali ikuumbue nyumbani kuliko ukutani.

Pale Forodhani, kishushe wakati maji yamejaa, mita 1 chini ya uso na angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na uzito wa nusu kilo chini yake. Kamba ya juu iwe na kipande cha mpira. Bila mpira kila wimbi linavuta waya na unarekodi waya tu. Utakachosikia mwanzo utadhani ni hitilafu: mchachatiko usiokoma, kama vitunguu vinavyotupwa kwenye mafuta ya moto. Si hitilafu. Ni kamba wadogo wa baharini wanaofyatua makucha yao katika mawe yote ya pale chini. Boti za kwenda Changuu nazo utazisikia mapema kuliko kwa masikio ya juu, kwani sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde na inafika mbali bila kuchoka. Mchachatiko ule, ukiupunguza mwendo mara nne, unageuka mvua nzito ya matone makubwa. Hapo ndipo ile 96 kHz inapolipa.

Nimetengeneza kipande kizuri, ndani yake nimeinyoosha adhana ya magharibi ikawa kama kwaya. Rafiki zangu wamenikasirikia. Wana haki? (Msomaji, jina limehifadhiwa)

Wana haki, ndugu yetu, na tunakuomba ukiondoe. Adhana ni maneno ya ibada yenye mpangilio na matamshi. Ukiinyoosha umeyavunja maneno, ukiitia kwenye lupu, yaani ijirudierudie, umemfanya mtu aite watu kwenye sala mara arobaini bila sala. Haijalishi imetoka nzuri kiasi gani. Kisomo cha Qur'ani ni vivyo hivyo.

Lakini kwa vile mji ule hauna saa isiyo na jirani wa msikiti, utaikuta kwenye rekodi ndefu. Ikiingia yenyewe, una njia mbili. Moja ni kuacha rekodi nzima kama ilivyo, adhana kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yake, bila chombo juu yake. Nyingine ni kupanga muda usikutane nayo: magharibi Unguja kwa mwaka mzima inazunguka kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, kwa hiyo funga rekodi ya jioni kabla ya saa 12, ufungue tena ikishakwisha.

Kuna jambo wengi hawajalishika. Ramadhani, baada ya adhana ya magharibi, kila mtu yuko kwenye futari, na kwa kama robo saa Forodhani inakuwa na kimya ambacho hakipatikani siku nyingine. Unasikia majani ya miti. Unasikia kijiko kwenye bakuli meza ya tatu. Fungua tende yako, fungua kinasa, kisha nyamaza.

Je, nahitaji ruhusa? Na sauti za watu na muziki wa kwenye spika za wachuuzi? (Msomaji, Tanga)

Kinasa cha mkononi hakimsumbui mtu. Ukiweka stendi, waya na koti la manyoya la ukubwa wa paka, utaulizwa, kwa hiyo tangulia wewe: pita kwa uongozi wa bustani, na kwa mchuuzi unayetaka kusimama karibu na jiko lake mwambie unafanya nini. Nunua mishikaki yake kwanza, maongezi yatakuwa mafupi. Simama upande wa makaa, si upande wa wateja; mafuta yakidondoka juu ya mkaa yanatoa mlio mfupi mkavu, na kwa sentimita 40 ni sauti kubwa ya kutosha kufunika maongezi ya watu. Makachu nao waulizeni kabla hawajarusha miguu. Mkikubaliana malipo, yawe kabla.

Maneno ya watu yakisikika waziwazi, yakate, hasa majina na namba za simu ambazo watu wanatajiana kwa sauti utadhani wanatangaza mnada. Ukitaka ukungu wa mazungumzo bila maneno, simama mita 15 kutoka meza ya mwisho.

Taarabu au bongo fleva kutoka spika ya mchuuzi ina wenyewe. Kuwa imerekodiwa hewani hakuifanyi kuwa yako. Sekunde 10 zikiwa nyuma sana katika rekodi ndefu ni jambo moja. Kuzikata ukazifanya msingi wa wimbo ni jambo jingine, na hilo linahitaji ruhusa ya mwenye haki.

Nina saa 6 za rekodi na sijui pa kuanzia. Nionyesheni hatua kwa hatua. (Msomaji, Fumba)

Anza kwa kutotengeneza chochote. Sikiliza saa zote 6 mara moja, na daftari, ukiandika dakika na neno moja: "12:40 mbizi", "31:05 panga kwenye dafu", "44:00 kimya". Mtu anayeruka hatua hii huishia kutumia dakika 3 za mwanzo za kila faili.

Chagua rekodi moja ya dakika 12 isiyoguswa. Hiyo ni ardhi. Haikatwi, hainyooshwi, inabaki kutoka mwanzo hadi mwisho ili masikio yajue yako wapi. Tunasisitiza hili kwa sababu kazi nyingi tunazotumiwa zimechakatwa kila inchi, hadi Forodhani na kiwanda cha barafu vinakuwa kitu kimoja.

Juu ya ardhi, weka noti. Chukua sekunde 20 za mashine ya miwa, sauti yenye kelele pana, uipitishe kwenye vichujio vitatu vyembamba: 200, 300 na 450 Hz. Kwa nini hizo? Ni 50 Hz ya umeme mara 4, mara 6 na mara 9, kwa hiyo zinakubaliana na mvumo tuliosema na zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Wembamba, ile Q, iwe 30 hadi 40. Chini ya 15 unasikia mashine bado. Juu ya 80 inapiga mluzi na kila mvunjiko wa muwa unakuwa kengele. Ongeza sauti kwa sababu vichujio vinakula nyingi.

Kisha unyooshaji. Kwenye Audacity kuna Paulstretch, na programu yenyewe ni ya bure. Tafuta sekunde 6 zisizo na pigo kali, tuseme maji yakirudi au majani, nyoosha mara 10 upate dakika nzima, muda wa upambanuzi (Time Resolution) 0.25. Ukitaka laini zaidi panda hadi 0.5. Pigo la panga usilinyooshe, linageuka ukungu usio na sura.

Sasa lupu tatu: moja ya sekunde 17, moja ya 23, moja ya 29. Kwa vile namba hizi hazigawanyiki kwa nyingine, zitarudi kuanza pamoja baada ya sekunde 11,339, yaani saa 3 na dakika 9 kasoro sekunde moja. Msikilizaji hatasikia mzunguko, atasikia kitu kinachoenda na kurudi kama maji. Ila kila lupu ipishanishe mwisho na mwanzo wake kwa sekunde 2, la sivyo utasikia mruko kila inapozunguka. Na usiweke tukio linalojitambulisha ndani ya lupu. Kunguru yule yule akilia kila sekunde 23, mchezo umekwisha.

Mwangwi mwisho, na kidogo. Kama mnataka wa pale pale, barabara inayotoka Forodhani inapita chini ya jengo la zamani la mayatima, na tao lile lina mwangwi mfupi mzuri wa mawe. Alfajiri kabla ya magari, weka spika upande mmoja na maikrofoni upande mwingine, cheza mluzi unaopanda kutoka 20 Hz hadi 20 kHz kwa sekunde 10, acha kinasa sekunde 5 zaidi. Programu ya mwangwi wa kunakili (convolution reverb) itaugeuza kuwa tao lenyewe. Puto la kupasua nalo hufanya kazi, ila besi yake ni haba na mlinzi atakuja mbio.

Kunguru! Nawaondoaje? (Msomaji, Mazizini)

Punguza, usiondoe. Nguvu yao iko kati ya 1 na 3 kHz. Ikwalaiza inayoshuka yenyewe wanapolia, dB 4 hadi 6, inatosha. Ndege hawa walitoka India na kuletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wale taka za mji. Kazi waliimaliza, wakabaki na mji. Rekodi ya Forodhani isiyo na kunguru hata mmoja itamtia shaka kila mzaliwa wa Shangani. Ukihitaji kweli saa bila wao, subiri giza liingie, wakishakwenda kulala.

Niko Maskati. Mama mdogo wangu wa Malindi ananirekodia Forodhani kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp. Naweza kutumia? (Msomaji, Oman)

Kwa kumbukumbu, naam, tena ni zawadi. Kwa muziki, zile sauti zinazorekodiwa kwa kubonyeza kidude cha maikrofoni zimebanwa sana, ni za chaneli moja, na juu hazina kitu. Simu yenyewe inadhani bahari ni kelele na inaizima katikati ya maneno, ndiyo maana mawimbi unayosikia yanakatika.

Mwombe mama mdogo aweke programu ya kurekodi inayotoa WAV, azime uondoaji wa kelele kama upo, kisha akutumie faili kama hati, siyo kama ujumbe wa sauti. Dakika 5 za chaneli moja ni kama MB 43 kwa biti 24, au MB 29 kwa biti 16. Mwambie pia aiweke simu juu ya kanga iliyokunjwa badala ya kuishika. Nusu ya kelele za simu ni vidole.

Huku Nairobi hatuna bahari. Jeevanjee inafaa? (Msomaji, Nairobi)

Inafaa, lakini ni bustani ya maneno. Ilifunguliwa 1906, leo imezungukwa na mji pande zote, na mchana wa siku za kazi wahubiri na wabishani wanaijaza. Tumieni magari kama nyinyi mnavyotumiwa na magari: mngurumo wa barabarani ndio bahari yenu. Jumapili alfajiri kwa ndege, saa 7 mchana kwa ukungu wa sauti za watu kutoka mbali. Mahubiri yasinyooshwe, kwa sababu ile ile ya adhana.

Nikimaliza, nitoe kwa ukubwa gani wa sauti? (Msomaji, Bagamoyo)

−18 hadi −20 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani, kama sikio linavyousikia), kilele kisizidi −1 dB. Mkiisukuma hadi −14 kama wimbo wa dansi, kile kimya kabla ya mbizi kinapanda na kujaa mvumo wa maikrofoni. Kabla ya kupakia, isikilizeni kwa spika ndogo ya simu, saa 8 mchana, feni ikizunguka. Vile vichujio vya 200 Hz visiposikika hapo, ongezeni dB 3 kwenye 450, si kwenye 200.